Karatasi ya Falesi Isiyosogea

Saa kumi na mbili asubuhi. Falesi Mkwamba, mpishi wa bweni la chuo mjini Zomba, Malawi, anafunika sufuria ya uji, anafuta mikono kwenye chitenje, kitenge alichojifunga kiunoni, na kusimama mbele ya ukuta wa stoo. Wenzake wawili anaosoma nao kozi ya lishe, Yankho na Tawina, wanamsubiri. Kikao chao ni cha kusimama, hakai mtu.

Ukutani kuna safu tatu za chaki: Bado, Naifanya, Tayari. Kila kazi ya chuo imekatwa vipande vya kumalizika ndani ya wiki mbili, kila kipande na karatasi yake. Kila asubuhi wanaulizana: jana umefanya nini, leo unafanya nini, nini kimekukwamisha?

Mwaka wa kwanza njia hii iliwaangusha. Falesi ana miaka 44, wenzake hawajafika 25. Kumsimamisha mama wa umri huo na kumdai habari za jana ni utovu wa adabu, kwa hiyo wakawa wanamruka. Sehemu yake ikalala. Wakapata alama 31 kwa mia.

"Tulimpigia magoti kumwamkia, kumuuliza tukaogopa," anasema Yankho.

Falesi aliwaambia, "Heshima yenu itanifelisha, wanangu. Mkinionea haya, iulizeni karatasi."

Tangu hapo inahojiwa karatasi.

"We karatasi, jana ulilala wapi?" Yankho anaanza.

"Ilikuwa inamenya viazi," Falesi anajibu. Wanacheka.

Leo kwenye Bado zimebaki karatasi mbili. Moja ni ripoti ya mwisho. Nyingine ina miaka mitatu, imepauka: "Mama ajue."

Mama yake, Enelesi, yuko Nkhotakota. Ndiye aliyemtoa shule kidato cha pili ili aolewe.

"Hajui kama nasoma. Kila Jumapili tunaongea mahindi na mvua, nakata simu bila kumwambia," anasema Falesi. " Nikifeli, atanicheka. Lakini natamani aniulize habari za shule, hata mara moja tu."

"Karatasi ya mama, nini kimekukwamisha?" anauliza Tawina, safari hii bila utani.

Falesi anajibu, "Ni kubwa mno."

"Basi ikate, amayi, mama yetu. Si ndiyo sheria yetu?"

Anaichana vipande viwili. Kwenye kipande kimoja anaandika, "Kumwambia nimerudi shule," anakisogeza katikati, kwenye Naifanya. Atamwambia Jumapili hii, baada ya ibada, Mungu akipenda.

Cha pili anakibandika kwenye Bado kikiwa kitupu.

"Hicho," anasema, "atakijaza Mama, siku akiniuliza."