Mtu Asiye na Mikono

Nilipomwambia baba kwamba naenda chuo kikuu kusoma saikolojia, alikuwa anakamua. Sisi ni watu wa Bihambwe, watu wa ng'ombe, na nyumbani kwetu habari kubwa husemwa wakati wa kukamua, maana hapo baba hawezi kuinuka akaondoka. Aliniuliza hiyo ni kazi gani. Nikamjibu ni kujifunza namna mtu anavyowaza.

"Mutu gani?"

"Mutu yoyote, Papa."

"Basi ukirudi utaniangalia tu, utajua yenye niko nawaza?"

Nilicheka, lakini moyoni ndivyo nilivyotumaini. Tangu utotoni nilikuwa nikiwatazama wageni waliokuja kununua maziwa, nikijiuliza kwa nini huyu anasalimia kwa sauti kubwa na yule haangalii watu machoni. Niliamini mahali fulani pana kitabu chenye majibu.

Miaka miwili ya kwanza ilinipa maneno ya Kifaransa kwa mamia. Mwaka wa tatu tukatakiwa kwenda staji, mafunzo ya kazi pamoja na watu wenyewe. Nikaomba shule ya msingi ya Kibua, huko Walikale, kwa sababu sikumjua mtu yeyote pale. Nilitaka kuona kama niliyosoma yangefanya kazi kwa watoto ambao hawakujua mimi ni binti ya nani.

Jaribio langu lilikuwa jepesi. Unampa mtoto karatasi na kalamu ya risasi, unamwambia, "Chora mutu," kisha unanyamaza. Silabasi yetu, kile kitabu cha somo, ilieleza namna ya kusoma mchoro. Mtu mdogo aliyebanwa pembeni ana maana yake, macho makubwa yana maana yake. Mtu asiye na mikono, iliandikwa, huonyesha mtoto mwenye woga, anayejiona hana uwezo.

Siku ya tatu, msichana wa miaka kama minane, mpole, alinipa mchoro wa mwanamke. Kichwa kilikuwepo, sketi ilikuwepo, na miguu ilikuwa na vidole vyote kumi. Mikono haikuwepo. Tena kwenye paji la uso alikuwa amekandamiza mstari mweusi mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilifurahi. Kitabu kilikuwa kimesema, na sasa nilikuwa nakiona kwa macho yangu! Niliandika ukurasa mzima juu ya woga wa yule mtoto, na ule mstari nikauita maumivu ya kichwa yasiyosemwa. Kisha nikamwambia mwalimu wa darasa hayo yote, na kwamba msichana anahitaji kuangaliwa. Mwalimu alinitazama kidogo.

"Haya, dada. Wewe njo umesomea," akasema, yaani mimi ndiye mjuzi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya masomo, mama wa yule mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa njiani kwenda shambani, akakatisha safari. Hakunisalimia kwanza.

"Dada, banasema mutoto wangu iko na ugonjwa ya kichwa. Uliuona wapi?"

"Hapana, Mama, si ugonjwa. Ni mchoro tu..."

"Sikulala. Baba yake pia hakulala. Unionyeshe."

Nikautoa. Aliushika kwa mikono miwili, akautazama, akamwita binti yake aliyekuwa akicheza uwanjani.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Na mikono yangu iko wapi?"

Mtoto alituangalia sote wawili kana kwamba tunamtania. "Iko nyuma. Inashikilia kitunga. Kitunga haionekane sababu iko mugongoni."

Mstari wa kwenye paji ulikuwa kamba ya kitunga.

Mimi mwenyewe nimebeba viazi kwa namna hiyohiyo, kitunga, lile kapu letu, mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mikono nyuma ikikishikilia chini, mpaka ngozi ya paji ikawa ngumu. Mama yangu mzazi hubeba hivyo mpaka leo. Nilikuwa nimeutazama mchoro ule kwa saa nzima bila kuiona kamba, na sikuwa nimemuuliza mchoraji neno hata moja.

"Munisamehe, Mama," nikasema. "Nilikosea."

Alikunja mchoro, akauliza kama anaweza kuuchukua. Nikampa. Alipokuwa akiondoka aligeuka: "Huko kwenye masomo hawawafundishe kuuliza?"

Nilimweleza mwalimu kosa langu siku ileile, nikachana ule ukurasa, na watoto wote niliokuwa nimewapima nikaanza kuwafuata mmoja mmoja na michoro yao. "Niambie, huyu anafanya nini?" Wiki mbili zilizobaki zilikuwa tamu kuliko miaka miwili ya darasani. Mtu mwenye sikio moja kubwa alikuwa anatafuta simu iliyokuwa ikilia. Mtu asiye na mdomo alikuwa amekatazwa kusema kanisani.

Profesa aliyenisimamia alisoma ripoti yangu, akasema maneno ya watoto ni mengi na uchambuzi ni mchache, akanipa alama za wastani. Lakini alikaa na ile michoro mbele yake, akiigeuza moja baada ya nyingine, mpaka mwanafunzi aliyefuata akabisha hodi.

Upo mchoro mmoja ambao hadi leo sijauelewa. Nilimwambia mvulana achore mtu, akachora mlango uliofungwa, vizuri sana, na bawaba zake. Nikamuuliza mtu yuko wapi. Alitabasamu, akatoka kwenda kucheza. Katika ripoti niliandika hayo tu: "Mlango. Hakutaka kusema."