Mbwa Aliyefundishwa kwa Fulana

Mama Povu ni dobi wa mtoni, mwanamke wa kusugua mashuka mpaka yaombe msamaha. Shida yake magoti. Daktari alimwambia waziwazi: akiendelea kuingia kwenye maji baridi kukimbiza nguo zilizochukuliwa na mkondo, kazi hiyo ataiaga. Na akiuacha mto atafulia wapi? Bomba la nyumbani linakohoa tu.

Ndipo akatafuta mtoto wa mbwa, amfundishe kuleta nguo kutoka majini. Alimfundishia fulana kuukuu ya mumewe, fundi viatu, iliyoshiba jasho na gundi hadi sabuni ikaikatia tamaa. Akiitupa mtoni, mbwa huyo, anaogelea, anaileta. Mama Povu akatamba kwa madobi wenzake wote.

Sasa jamani, asubuhi moja mume kamletea chai, mara shuka la mteja likasombwa, likaenda kunasa kwenye matete.

"Kalete!"

Mbwa akalitazama shuka, akamtazama Mama Povu, akakaa kujikuna sikio.

"We mbwa, huoni? Lile pale, kubwa kama pazia la ukumbi!"

Mbwa akapiga mwayo. Akabembelezwa, akasukumwa, akatukaniwa ukoo mzima. Wapi!

"Mke wangu," mume akasema, "huyo umemfundisha kunusa mimi. Shuka la watu linanukia sabuni, atalijuaje?"

"Kumbe ulijua, ukanyamaza?"

"Kila siku na fulana yangu mkononi! Nilidhani umenikumbuka."

Mama Povu alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Akakunja gauni, akatia mguu mmoja majini, goti likamchoma, akaurudisha.

"Baba watoto, ingia wewe."

"Na nguo zangu?"

"Mimi dobi, nitazifua! Ingia!"

Fundi akaingia, maji yakamfika kiunoni, akalishika shuka. Kumwona tu, mbwa akajitosa, akamng'ata suruali, akaanza kumburuta nchi kavu kwa bidii zote.

"Niachie, mwehu we! Mke wangu, mwite!"

"Usiliachie shuka!"

Wakatoka wote watatu, fundi, mbwa na shuka, wanachuruzika matope. Mbwa akamlaza fundi miguuni pa Mama Povu, akatikisa mkia akisubiri sifa. Mama Povu akalikagua shuka: halikuchanika. Akalitumbukiza upya kwenye beseni, akakata kipande cha sabuni, akakifunga ndani ya kitambaa safi.

"Haya, mwanafunzi, tunaanza moja."

"Na mimi?" akauliza mume, anakamua shati.

"Wewe rudi kibandani kwako. Hapa unamchanganya mbwa."