Picha ya Mwisho ya Kila Filamu

Saa tatu asubuhi, Jumapili, ibada ya Changamwe imekwisha. Mwarandu Ngala anasimamisha kamera yake ya miguu mitatu mbele ya kanisa na kumkemea bwana harusi: "Kaka, hii ni harusi, si gwaride! Legeza mabega!" Watu wanaangua kicheko, bwana harusi analegea, picha inapigwa.

Picha za harusi ndizo riziki yake, shilingi tatu kila moja. Lakini kando yake pana ubao wenye picha ndogo kumi na mbili za vijana waliovaa sare. Hizo haziuzwi.

Mwaka 1944 Mwarandu alikwenda Burma kubeba mizigo ya mpiga picha wa jeshi. Mzungu yule alipoangushwa na malaria, kamera ikabaki mikononi mwake.

"Nilijifunza huku risasi zinapita," anasema. "Mkono ukitetemeka, picha imeharibika. Kuogopa niliogopa, haki ya Mungu, lakini mkono niliukataza."

Jeshi lilitaka picha za mizinga na madaraja. Yeye akajiwekea desturi yake: picha ya mwisho ya kila filamu ni ya askari mmoja, uso tu. Alizisafisha mwenyewe, akaandika nyuma jina na kwao, akazitia ndani ya kopo la bati. Waliorudi walizichukua. Wasiorudi, amewatafuta wazazi wao kwa miguu, toka Mtongwe hadi Magogoni, miaka miwili sasa. Thelathini na moja zimefika.

Hizi kumi na mbili zimemshinda.

"Walijiandikisha kwa majina ya uongo, wengine walidanganya hata walikotoka, baba zao wasije wakawatoa jeshini. Barua za msiba zikakosa wenyewe. Mama yuko nyumbani anangoja, wala hajui."

Hajamaliza kusema. Mama mmoja aliyekuja harusini kutoka Magogoni, Nyevu Masha, amesimama mbele ya ubao, kidole juu ya picha.

"Huyu ni Chengo wangu."

Nyuma ya picha pameandikwa Yohana Tsuma, Changamwe. Mwarandu anavua kofia. Mcheshi wa dakika tano zilizopita hayupo tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi mwanangu?"

Angeweza kusema hajui, na nani angemlaumu? "Mama, hatunaye. Alikufa siku tatu baada ya picha hii. Mimi ni mmoja wa waliomzika."

Nyevu anakaa vumbini na kulia. Mwarandu anakaa naye, harusi inangoja, wala hakuna anayelalamika.

Baadaye mama anauliza: "Hapa anacheka nini?"

"Nilimwambia, tazama hapa, atakayeiona ni mama yako."

Nyevu anaifunga picha kwenye pindo la leso na kushikwa mkono na jamaa zake.

Mwarandu anakusudia kupanda gari moshi mwakani aupeleke ubao bara, kanisa kwa kanisa. Zimebaki kumi na moja.

"Namwomba Mungu nizimalize," anasema, akipangusa kioo cha kamera. "Na kila mama akiusogelea ubao, naomba mama huyo asimtambue hata mmoja."