Chai ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipochumbiwa, mimi ndiye niliyesema tumfanyie chai ya kumuaga. Hakuna aliyeniagiza. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Singida mjini yamejaa tena sukari na sabuni baada ya ile miaka ya kupanga foleni, na niliona aibu mtoto wa kike aondoke nyumbani kimya kimya kama mpangaji anayehama. Duka la ushirika nililokuwa karani lilikuwa limefungwa, nikawa nauza mitumba sokoni. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sijaolewa. Yeye alikuwa na ishirini na mmoja.

Mipango yote niliibeba mimi. Chai iwe Alhamisi, saa nne asubuhi hadi adhuhuri, ili wageni wawahi kwenda kupika kwao. Maandazi, vitumbua, mihogo ya kuchemsha, karanga, na asali ambayo mama angeletewa na ndugu zake wa Ikungi. Kukaa nilikuwa siwezi. Nikianza kuchambua karanga nakumbuka mikeka. Nikitoka kuazima mikeka, njiani nakumbuka iliki, narudi, nafika nyumbani nimesahau nilichorudia.

“Mwanangu, kaa,” mama aliniambia. “Chai haikimbii.”

Sikukaa.

Jumatatu shangazi akafika kwa basi kutoka Dodoma. Tangu baba afariki, yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa baba, na alilosema ndilo lililofanyika. Mama alikuwa hamjibu wifi yake. Akikasirishwa sana, alitoka uani akawasemesha kuku kwa Kinyaturu. Nilimwamkia shangazi, nikampa maji, nikamweleza mipango yangu kuanzia mwanzo. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa.

“Umepanga vizuri,” akasema. “Sasa siku yenyewe wewe utakuwa uani, jikoni.”

“Na ndani je, shangazi?”

“Ndani kuna kumfunda mwali. Wanaofunda ni walioolewa. Wewe utamfunda nini?”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakunja mtandio wake, akaendelea kuukunja. Nikajibu, “Sawa, shangazi,” nikatoka. Nilitembea hadi kwenye mawe ya karibu na ziwa Kindai, upepo ukinipiga vumbi machoni, nikageuka nikarudi bila kujua nilifuata nini kule. Mdogo wangu nilimbeba mgongoni mama akiwa shambani. Siku aliyovunja ungo alinikimbilia mimi, analia, akidhani anakufa.

Jumatano mchana nilikuwa nakanda unga wa maandazi, mdogo wangu akaja akachuchumaa kando yangu.

“Dada, shangazi anasema hutaingia.”

“Kazi za nje ni nyingi.”

“Basi na mimi nitakaa nje.”

“Usiniaibishe. Watu wanakuja kwa ajili yako.”

Akanitazama mikono. “Umekasirika?”

“Sijakasirika.”

“Huo unga unaukanda mara ya tatu, dada.”

Nikamfukuza, akaenda akigeuka nyuma.

Alhamisi wageni walijaa kabla ya saa nne na nusu. Niliamkia wakubwa, nikamimina chai, nikapeleka sahani, nikarudi kwenye jiko. Walipomaliza kula wakaimba kidogo, kisha mlango ukafungwa. Nikabaki uani na birika. Sauti ya shangazi ilisikika bila maneno, halafu kicheko cha wanawake wote pamoja, halafu kimya. Nilizunguka jiko. Nilichochea mkaa usiohitaji kuchochewa. Nikajimiminia chai nisiyoitaka, ikafurika ikaniunguza vidole.

Mlango ukafunguka, akatoka mama. Akanichukulia birika mkononi.

“Ingia.”

“Mama, shangazi kasema…”

“Nimesikia alichosema. Nani alimlea yule? Ingia, hapa nje nipo mimi.”

Nikaingia. Shangazi akakatisha maneno katikati. Jirani yetu, bibi mmoja mjane, akasogeza magoti nikapata nafasi mkekani karibu na mwali, aliyekuwa amefunikwa khanga kichwani. Shangazi akatazama mlango, akamwona mama amesimama nje na birika, akaendelea.

Nilikuwa nimedhani kuna siri kubwa humo. Yalikuwa mambo niliyoyajua: amka umwamkie mama mkwe kabla ya kushika ufagio, ugomvi wa chumbani usiupeleke kisimani. Nilisikiliza huku miguu ikiniwasha kutaka kuinuka. Ghafla shangazi akasema, “Haya, dada mtu. Umeingia, basi sema.”

Sikuwa nimeandaa neno. Nikasema, “Mdogo wangu, mambo yakikushinda, rudi nyumbani. Hutaulizwa kitu mlangoni.”

Mwali huambiwa avumilie. Mtu akakohoa.

“Hayo hayasemwi kwa mwali,” shangazi akasema.

Yule bibi mjane akajibu, “Yameshasemwa,” akapiga kigelegele yeye peke yake, kirefu, mpaka wengine wakamfuata. Chini ya khanga mdogo wangu alinishika vidole vilevile vilivyoungua, akaminya. Niliumia, lakini sikuvitoa.

Harusi ikapita Jumamosi. Mama na shangazi waliishia salamu tu siku zote hizo. Mdogo wangu alikwenda na mumewe Shinyanga, na mpaka leo harudi ila kutusalimia. Alipata mtu mwema.

Jumatatu nilimsindikiza shangazi stendi, nimebeba mfuko wake. Tulisubiri basi muda mrefu. Lilipokuja, akachukua mfuko.

“Maneno yako yale yalinikera sana,” akasema.

“Nisamehe, shangazi.”

“Mimi nilipokuwa mwali niliambiwa nivumilie. Nikavumilia miaka kumi na minne.”

Nilitaka kumuuliza miaka hiyo iliishaje, lakini kondakta alikuwa anahimiza watu, na yeye alikwishakanyaga ngazi.