Viatu vya Raheli

Josephine Faraja ni binti Danieli, yule aliyepiga kinanda kanisani Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru Mombasa, mpaka vidole vikapinda. Naye Danieli ni mwana wa Raheli, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini katika jahazi la watumwa, akajifunza kusoma akiwa mtu mzima, kisha akafundisha wenzake. Raheli hakuacha shamba. Aliacha picha moja, aliyopigwa studio huko Mombasa enzi za bibi zetu, amesimama kando ya nguzo ya mbao iliyopakwa rangi ikafanana na marumaru. Mpiga picha alitaka uso na kifua tu. Raheli akakataa katakata, akainua gauni kidogo ili viatu vionekane. Pwani ile mtumwa hakuvaa viatu. Aliyeiona picha hakuuliza zaidi.

Josephine alikuja nayo Stockholm, na nyumbani kwake, mtaa wa Vårby gård, mgeni havui viatu mlangoni. Majirani Waswidi, ambao kwao viatu huvuliwa mlangoni, hushangaa. Washangae.

Mwaka huu miguu ilimvimba hata ngazi za treni zikamshinda. Aurore, Mkongo wa kundi lake la maombi, akaja na kichupa, akaionyesha picha kwa kidole.

"Mama Josephine, laana inatoka kwa huyu bibi. Ilianzia miguuni."

"Utaniharibia picha."

"Mafuta ya upako haiharibu kitu, Mama."

Maumivu yakamshinda, akampa picha. Aurore akaipaka miguu ya Raheli kwa kidole gumba, huku akikemea.

Kulipokucha, doa la kahawia lilikuwa limemeza viatu vyote. Fundi wa picha kuukuu mjini aliitazama chini ya taa, akatikisa kichwa. Karatasi imekunywa mafuta. Akisugua, hata uso utafutika.

Tangu hapo Josephine hali chakula. Hulala na viatu miguuni, akimtazama bibi yake aliyerudi pekupeku. Na uvimbe uko palepale.

Mjukuu wake Whitney alipita akitoka kazini Kista, akamwambia kwa Kiswidi kwamba simu inaweza kumchorea Raheli viatu vipya, sasa hivi.

"Vya kuchora? Nguzo ndiyo ilikuwa ya kuchora, mwanangu. Viatu vilikuwa vyake!"

Whitney akainama kufungua kamba za viatu vyake aketi kitandani. Josephine akamdaka mkono.

"Usivue. Picha hii nakupa wewe. Watakaoiona watadhani hakuwa na kitu mguuni. Vilikuwa vyeusi, vishikizo vitatu ubavuni, kiatu cha kushoto kimechubuka nchani. Haya, sema."

"Vyeusi," Whitney akaanza, Kiswahili kikimkwama. "Vishikizo... vitatu."

"Cha kushoto?"

"Kimechubuka, Bibi."

"Kila atakayeishika, mwambie hivyo. Usingoje akuulize."