Karani Aliyesoma Mpaka Ukurasa wa Tisa

Hilwa alikuwa akikunja mswala baada ya adhuhuri, nesi alipomjia kumwambia kwamba mumewe, Muhanna, amefariki. Akasema innalillahi, kisha moyo wake ukamkumbuka kwa shukrani karani wa ruzuku wa ghala la misaada alikokuwa akifanya kazi mumewe. Mkristo huyo wa Kenya bara husoma kila waraka kwa rula, akiishusha mstari kwa mstari kwa vidole vyenye madoa ya wino, midomo ikimcheza, na anayemharakisha humjibu, "Ngoja kwanza, bosi." Marekani ilipobadilisha masharti ya ruzuku za serikali yake kuu na kuvunja mkataba wa ghala, wenzake walisoma ukurasa wa kwanza wakaanza kufungasha. Meneja akasema bima ya wafanyakazi wagonjwa, akiwemo Muhanna aliyekuwa amelazwa hospitalini, nayo khalas, imekwisha. Karani alifika na rula yake mpaka ukurasa wa tisa. "Sir, bima inaruhusiwa mpaka mradi ufungwe kabisa. Huyu mzee hatoki kitandani." Akaja mwenyewe hospitalini kumwambia Hilwa kwamba bima bado ipo. "Mama, kaa naye tu." "Mungu akulipe, mwanangu," Hilwa akasema, "wewe na hiyo rula yako." Wakacheka, hata Muhanna. Kwa wiki sita zaidi Hilwa alimlisha uji kwa mkono wake.

Siku ya maziko alimbusu Muhanna kwenye paji la uso, akamwomba radhi, akamfunika. Wanaume wakalibeba jeneza, karani akiwa miongoni mwao, na Hilwa akabaki na wanawake wakisoma Yasini.