Karani na Mlima wa Mars

Juzi, nikiwa katika ofisi moja ya mji wa Nchelenge, kando ya ziwa, karani alikuwa akimwonyesha mwenzake kwenye simu picha ya mlima ulioko kwenye sayari ya Mars. "Unapita milima yote ya dunia!" alisema, akiikuza picha kwa vidole viwili.

Mwanamke mkimbizi kutoka kambi ya Mantapala, aliyekuwa akingoja ruhusa ya kuvuka ziwa, alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Papa," alimwambia karani, yaani baba, "shuka kwanza pa ile mulima. Mama yangu iko karibu ya kufa kule ngambo, na mashua inaenda sasa."

Karani alicheka, kisha akamtazama usoni. Akaweka simu chini, akagonga muhuri kwenye karatasi yake ya ruhusa. Mwanamke akatoka mbio bila kuaga.

Mlima ule ungetungoja sote mpaka kesho. Sijui kama mama yake naye aliweza kumngoja.